Eti Kompyuta Imesema Tal Alikuwa Mbabaishaji!

Huku Leicester tu wazima, baridi imeanza kuuma na mihogo ya kwenye duka la Mhindi imepanda bei tena. Ila leo siandiki habari za baridi wala mihogo. Leo nina ugomvi, na nimeuleta hapa kijiweni kwangu kwa sababu nyie ndio watu mtakaonivumilia hadi mwisho.

Ugomvi wenyewe ni wa sataranji. Shangazi, usifunge ukurasa! Nitaeleza pole pole, na kama umewahi kukaa barazani ukatazama watu wanagombana juu ya drafti, basi utanielewa vizuri kuliko hao niliogombana nao.

Mnajua Alhamisi jioni, nikiwa sina zamu, huwa nakwenda klabu ya sataranji hapa mtaani. Ni ukumbi wa kanisa, chai ya maziwa na biskuti, wazee wastaafu, wanafunzi wa chuo kikuu na mimi Mswahili mmoja. Wiki iliyopita kijana mmoja, mpole tu na ana akili zake, alisema mbele ya watu kwamba Mikhail Tal alikuwa mbabaishaji. Eti ukiipitisha michezo yake kwenye kompyuta, makosa yamejaa tele. Eti kafara zake nyingi si sahihi. Eti akikutana na mtoto wa leo wa miaka kumi na tano atanyooshwa. Na wenzake wakatikisa vichwa kukubali, kama vile hukumu imesomwa na rufaa hakuna.

Mimi nakata rufaa. Leo, hapa hapa.

Kwa wasiomjua: Tal alizaliwa mwaka 1936 mjini Riga, Latvia. Tangu kuzaliwa mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Mwaka 1960, akiwa na miaka 23, alimvua Mikhail Botvinnik ubingwa wa dunia kwa pointi 12 na nusu dhidi ya 8 na nusu. Na hakumvua kwa kumvizia. Alimvua kwa kumwashia moto.

Nyote mmecheza drafti kwa vizibo vya soda. Mnaijua ile ya kutoa kete moja iliwe ili wewe ule mbili. Hiyo ni hesabu ya dukani, unaona malipo kabla hujatoa. Tal alikuwa anatoa kete kubwa, farasi mzima au ngome nzima, na malipo hayaonekani popote. Alichokuwa ananunua ni vurugu. Ubao unachafuka, kila kete inaning'inia, saa inakimbia, na mpinzani anatakiwa apate jibu sahihi siyo mara moja bali mara tano mfululizo. Jibu lilikuwepo mara nyingi, sikatai. Lakini kuwepo ni jambo moja na kuliona huku jasho linakutoka ni jambo jingine.

Haya, kompyuta inampimaje mtu wa namna hiyo? Njia yenyewe si ya ajabu. Unaipa programu mchezo uliochezwa. Kwenye kila hatua programu inasema, "Mimi ningecheza hivi, na hali ingekuwa na thamani kadhaa." Thamani hiyo huhesabiwa kwa vitunda, wale askari wadogo wa mbele, au kwa sehemu ya mia ya kitunda. Kisha inatazama alichocheza binadamu na kukipa thamani yake. Tofauti kati ya hizo mbili inaitwa hasara. Unajumlisha hasara zote, unagawa kwa idadi ya hatua, unapata wastani. Mwenye wastani mdogo ndiye fundi, mwenye wastani mkubwa ndiye mbabaishaji. Kwisha habari.

Kazi iliyovuma sana katika jambo hili ilichapishwa mwaka 2006 na Matej Guid na Ivan Bratko wa Chuo Kikuu cha Ljubljana, Slovenia. Walichukua mabingwa wa dunia 14, kuanzia Wilhelm Steinitz hadi Vladimir Kramnik, wakapitisha michezo yao ya kugombea ubingwa kwenye programu iitwayo Crafty. Waliacha hatua za mwanzo, wakaanzia hatua ya 12. Waliacha pia hali ambazo mmoja kashazidi mno, kwa sababu pale watu hucheza ovyo bila kujali. Aliyetoka wa kwanza alikuwa José Raúl Capablanca, yule Mkuba aliyekuwa bingwa kuanzia 1921 hadi 1927.

Sitaki kuwaonea mabwana hawa. Walifanya kazi ya uangalifu, wakaeleza kila kitu walichofanya. Na wala sina ugomvi na Capablanca. Mtu aliyekaa kuanzia 1916 hadi 1924 bila kufungwa mchezo hata mmoja wa mashindano, nitamwambia nini mimi? Ugomvi wangu ni na watu wanaochukua orodha ile, wanaifanya msahafu, kisha wanawapiga nayo wengine kichwani. Hoja zangu ni tatu.

Hoja ya kwanza. Wastani wa makosa unampendelea anayeogelea maji ya kina kifupi. Watafiti wenyewe waliliona hilo. Walipima pia ugumu wa hali za ubao, na Capablanca alionekana akicheza hali rahisi kuliko wengi. Wakajaribu kulifidia katika hesabu zao, na ni haki yao. Lakini hebu tulitazame jambo lenyewe bila hesabu. Capablanca alikuwa na kipaji cha kusafisha ubao: anabadilishana kete, anaondoa utata, anabakiwa na faida ndogo kama punje ya mtama, na punje hiyo anaipanda mpaka inakuwa shamba. Kwenye ubao mweupe namna hiyo hata mimi makosa yangu yanapungua. Tal alifanya kinyume kabisa. Aliutafuta msitu kwa makusudi, akaingia yeye kwanza, akamvuta mwenzake amfuate.

Sasa niambieni, ukichukua madereva wawili, mmoja anaendesha barabara ya lami saa nne asubuhi na mwingine anapanda Lushoto usiku wa mvua, ukahesabu mara ngapi kila mmoja kakanyaga mstari, umejua nini? Umejua barabara. Dereva bado hujamjua.

Na kuna jambo zaidi. Tal alichokuwa anatengeneza ni makosa ya mwenzake. Kama kafara inaniongezea mimi hasara ya kitunda kimoja, halafu inamfanya mpinzani wangu apate hasara ya vitunda vinne ndani ya hatua sita, kwenye daftari la kompyuta mimi nimekosea. Yeye naye kakosea, ndiyo, lakini kwake inaandikwa kama uzembe wake mwenyewe. Hakuna safu kwenye daftari inayoandika nani aliyemtoa jasho nani. Ukiifuta safu hiyo, umeufuta mchezo.

Hoja ya pili. Hiyo kompyuta ni ipi? Watu husema "kompyuta imesema" kama vile ni moja, imekaa mahali, haibadiliki. Mwaka 2006 watu walilalamika kwamba Crafty, tena ikiwa imezuiwa kutazama zaidi ya hatua 12 mbele, zako na zangu zikihesabiwa, ilikuwa dhaifu kuliko baadhi ya mabingwa iliowahukumu. Guid na Bratko wakajibu kwa kurudia kazi na programu nyingine, wakasema mpangilio haukubadilika sana. Sawa. Lakini mwaka 2017 mtafiti mwingine, Jean-Marc Alliot wa Toulouse, Ufaransa, alichukua programu yenye nguvu kubwa zaidi, Stockfish, akapitisha michezo kama 26,000 ya mabingwa wa dunia, na akahesabu kwa njia nyingine. Juu kabisa akatokea Magnus Carlsen. Capablanca yule yule, namba moja wa mwaka 2006, akaangukia nje ya kumi bora.

Tuseme ukweli: Carlsen hakuwemo kwenye orodha ya kwanza, maana alitwaa ubingwa mwaka 2013. Na wala simlaumu Alliot, swali lake halikuwa lile lile. Lakini hapo ndipo ninapotaka kuwafikisha. Capablanca alifariki mwaka 1942. Tangu hapo hajasogeza kete hata moja. Kama kashuka kutoka nambari moja hadi nje ya kumi bora, si yeye aliyebadilika. Kilichobadilika ni rula. Na rula inayobadilika inatumika kupimia nguo, lakini huwezi kumnyongea mtu kwa rula hiyo.

Halafu kikaja kile kilichowaziba midomo wengi, au kilitakiwa kiwazibe. Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ya London ilitangaza programu iitwayo AlphaZero. Hii haikufundishwa na mabingwa wala vitabu. Ilipewa sheria za mchezo tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe kwa saa chache. Ilipokutanishwa na Stockfish ya wakati ule kwa michezo 100, ilishinda 28, ikatoka sare 72, haikufungwa hata mmoja. Watu walibishana sana kama masharti yalikuwa ya haki, na wana hoja. Ila namna ilivyoshinda ndiyo iliyoshangaza. Ilikuwa inatoa vitunda, wakati mwingine kete kubwa, bila malipo ya haraka, ili tu kete za adui zikose pa kupumulia. Na katika baadhi ya michezo hiyo Stockfish ilikuwa inajihesabia kuwa haina tatizo, wakati mwenzake tayari kashika koo. Baadhi ya walioitazama walilitaja jina la nani? La Tal!

Sisemi kwamba AlphaZero imethibitisha kafara zote za Tal. Nyingi bado zina tundu. Nasema hivi: ile mashine iliyokuwa hakimu jana, nayo imefungwa na mwenye uchezaji ambao yenyewe ingeuandikia hasara. Sasa tukisema "kompyuta imesema", tunamsikiliza hakimu gani?

Hoja ya tatu, na ndiyo kubwa. Sataranji inachezwa na mtu dhidi ya mtu. Twendeni Moscow mwaka 1960, mchezo wa sita wa Tal na Botvinnik. Hatua ya 21 Tal anamrusha farasi wake katikati ya jeshi la adui, mahali anapolika kabisa. Ukumbi mzima ulipata kiwewe. Kelele zilizidi mpaka ikabidi mchezo uhamishiwe chumba cha nyuma. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kwamba Botvinnik alikuwa na njia ya kujitetea. Naam, alikuwa nayo! Ila Botvinnik, aliyetwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza mwaka 1948, mhandisi wa umeme, mtu aliyekuwa na nidhamu kama saa ya ukutani, hakuipata pale mezani. Akafungwa.

Kijana wetu wa klabu anasema: "Unaona? Farasi yule hakuwa sahihi." Mimi namuuliza: sahihi kwa nani? Aliyekaa upande wa pili wa meza siku ile hakuwa Stockfish. Alikuwa Botvinnik, karibu miaka 49, na saa inamwendea. Tal hakumwuliza Mungu hatua ipi ni bora. Alijiuliza hatua ipi ni ngumu kwa huyu mzee aliye mbele yangu, leo, saa hii. Hilo ni swali jingine kabisa, na kulijibu vizuri ni ufundi mkubwa.

Mnataka ushahidi kwamba uchezaji wa mtu ni kitu halisi, siyo hadithi za mashabiki? Tazameni mwaka uliofuata. Mwaka 1961 walirudiana. Botvinnik akashinda kwa 13 dhidi ya 8, akauchukua ubingwa wake. Tal figo zilikuwa zinamsumbua, hilo lazima lisemwe. Lakini Botvinnik naye alikuwa amekaa chini akamsoma yule kijana kama kitabu. Akaona anapenda nini na anachukia nini. Akauvuta mchezo kwenye ubao uliofungwa, kwenye kubadilishana malkia mapema, kwenye zile ncha za mwisho zinazotaka subira. Yaani alimnyima msitu. Hakuhitaji kujua wastani wa makosa ya Tal. Alihitaji kumjua Tal. Na jambo linalonichekesha ni kwamba Botvinnik huyo huyo alitumia miaka mingi ya maisha yake ya baadaye akijaribu kutengeneza programu ya kucheza sataranji. Mtu wa kompyuta kati ya mabingwa, na silaha iliyomrudishia taji ilikuwa kumjua binadamu mwenzake.

Na wale wanaodhani Tal alikuwa mtu wa bahati nasibu tu, nawapa namba moja, kwa kuwa wanapenda namba. Kati ya 1973 na 1974 alicheza michezo 95 mfululizo bila kufungwa. Wakati ule hakuna bingwa aliyekuwa amefikisha hapo, na kwa wachezaji wa ngazi ya juu kabisa rekodi ilidumu mpaka mwaka 2018 Ding Liren alipofikisha 100. Mbabaishaji gani huyo?

Wala si Tal peke yake anayeonewa. Mchukueni Tigran Petrosian, bingwa wa 1963 hadi 1969. Huyu alikuwa kinyume cha Tal, mtu wa kuziba matundu kabla panya hajafika. Lakini naye alikuwa na kafara zake, za kimya kimya. Mwaka 1953 kule Zurich, akicheza na Samuel Reshevsky, aliiweka ngome yake mahali ambapo askofu wa adui angeweza kuila. Ngome ina thamani kubwa kuliko askofu, mtoto anajua. Lakini Petrosian aliona kwamba mwenzake akishaila, vitunda vyake vitafungwa njia na farasi wa Petrosian atapata kiti ambacho hakuna wa kumtoa. Mchezo ukaisha sare, na watu wanaufundisha mpaka leo. Tal alitoa kete ili nyumba iwake, Petrosian alitoa kete ili nyumba isiwake. Kwenye daftari la hasara hawa wawili ni mistari miwili inayofanana: "katoa ngome, kapungukiwa." Kama kipimo chako hakiwezi kutofautisha moto na maji, bwana, usiniambie unapima uchezaji.

Sasa nisije nikaitwa mzee anayechukia mashine. Sizichukii. Tangu mwaka 1997 Deep Blue ilipomfunga Garry Kasparov kule New York, hakuna mwenye akili timamu anayebisha nani anajua kuhesabu zaidi. Na kompyuta zimetutendea wema mkubwa. Zamani waandishi wa sataranji walikuwa wanatazama kwanza nani kashinda, kisha wanarudi nyuma kumsifu kwa kila hatua. Aliyeshinda alikuwa na mpango wa kina, aliyefungwa alikuwa kipofu tangu mwanzo. Kompyuta imeuvunja uongo huo. Imetuonyesha kwamba mshindi naye alikuwa kando ya shimo, na aliyeshindwa alikuwa na njia ya kutokea. Hilo nalishukuru. Ukitaka kujua kama kafara ilikuwa na jibu, muulize kompyuta. Ukitaka kujua kama ilikuwa hatua nzuri dhidi ya mtu yule siku ile, hapo uliza watu pia.

Tena hata mashine zenyewe, zikiulizwa swali la maana, zinajua kwamba uchezaji upo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzao walitengeneza programu ambayo, ikionyeshwa michezo 100 ya mtu, inaweza kumtambua miongoni mwa maelfu ya wachezaji kwa usahihi wa asilimia 98. Fikirini hapo. Ni kama bibi aliyelala chumbani anavyojua nani kaingia uani kwa mlio wa kandambili tu. Kwa hiyo kila mtu ana mwendo wake kwenye ubao, na mashine inausikia. Lakini kumtambua mtu kwa mwendo wake hakukupi ruhusa ya kuupanga mwendo huo kuwa wa kwanza, wa pili na wa mwisho. Bibi hajawahi kutoa alama kwa kandambili.

Mtaniuliza, wewe mbeba maboksi wa Leicester, haya yanakuhusu nini mpaka usilale? Yananihusu sana. Pale ghalani ninapofanya kazi kila mmoja wetu hushika kimashine mkononi. Kila boksi unalochukua kinahesabu. Mwisho wa zamu kuna namba, na namba inabandikwa ukutani. Kulikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, tukimwita Papa, namba yake ilikuwa ya chini kila wiki. Kwa nini? Kwa sababu mgeni akianza kazi, Papa ndiye anayemwonyesha. Boksi likipangwa vibaya juu, Papa anasimama analishusha kabla halijamwangukia mtu. Vitu vya kuvunjika anavibeba kama mtoto mchanga. Vyote hivyo kwenye kimashine ni muda uliopotea. Aliwahi kuniambia kwa Kiswahili chao cha kule, "Iyi mashini inahesabu makartoni. Miye haiyaniona." Yaani mimi haijaniona bado. Majira ya kiangazi yaliyopita mkataba wake haukuongezwa. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemchukia. Walimwonyesha namba tu. Na tangu aondoke, wageni wanajifundisha wenyewe, na maboksi yanayorudishwa yamepasuka sote tunayaona, ila hakuna namba yenye jina la Papa inayoeleza kwa nini.

Kwa hiyo mtu akiniambia kompyuta imempima Tal na kumkuta na makosa, mimi namsikia yule msimamizi wa zamu. Namba si ya uongo. Papa kweli alibeba maboksi machache. Uongo ni kusema kwamba namba hiyo ndiyo Papa.

Na sasa nakuja kwenu huko nyumbani, maana hili limeshafika mpaka Ngamiani. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka kumi na miwili na anacheza sataranji kwenye simu ya mama yake. Nilifurahi sana nilipojua. Kila akimaliza mchezo, simu inampa asilimia ya usahihi, naye ananitumia picha: 84, 88, 91. Mwezi jana nikamwambia, "Mjomba wako anataka kuona mchezo ambao umetoa kete." Akanijibu, "Anko, nikitoa asilimia inashuka." Dada yangu, nilisoma ujumbe ule nikaishiwa nguvu. Mtoto wa miaka kumi na miwili anabadilishana kete haraka haraka mpaka ubao ubaki mtupu, ili simu imsifu! Hajafungwa na adui. Kafungwa na woga wa namba.

Kwa hiyo mpwa wangu, najua mama atakusomea hapa. Maagizo ya mjomba ni haya. Cheza. Ukiona njia ya kuuwasha moto, uwashe. Ukifungwa, kaa chini bila simu kwanza, rudia mchezo wote wewe mwenyewe, tafuta ulipokosea kwa macho yako. Jiulize mwenzako aliogopa wapi, na wewe uliogopa wapi. Ukishamaliza, hapo ndipo uiwashe kompyuta uiulize. Itakuonyesha jibu ambalo nyote wawili hamkuliona, nawe utalishukuru. Lakini asilimia usiitazame. Na usinitumie tena. Nitumie mchezo.

Na wewe kijana wa klabu, najua huwezi kusoma Kiswahili, lakini Alhamisi nitakutafsiria kwa mdomo. Leta kompyuta yako. Mimi nitaleta mchezo wa sita wa mwaka 1960, tutaupanga ubaoni, wewe ukae upande wa Botvinnik na saa ikimbie. Ukilipata jibu bila kuchungulia, chai na biskuti ni juu yangu.

Haya wadau, nimemaliza. Wazee wa drafti na bao mlioko huko, nataka kusikia kutoka kwenu: nani alikuwa fundi mtaani kwenu, na mlimjuaje kuwa ni fundi wakati hapakuwa na mashine ya kumhesabu? Shangazi, nawe umefika mpaka hapa, Mungu akubariki. Mihogo nitaiandika wiki ijayo.

Alamsiki.